Kubana taimingi za RAM kwenye joto la Dar: shajara ya mradi

Jumamosi, 11 Januari 2025

Naanza kuandika leo kwa sababu Desemba nilibana taimingi za RAM, yaani nilifupisha muda ambao kumbukumbu ya kompyuta inasubiri kati ya hatua moja na nyingine, bila kuandika kitu, na kilichonipata sitaki kinirudie.

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi, send-off na ubatizo. Chumba cha kazi kiko Sinza, uani, juu bati, dirisha linatazama magharibi. Mashine ni Ryzen 5 5600G isiyo na kadi ya picha. Picha zote zinatoka kwenye Vega 7 iliyomo ndani ya prosesa, na Vega hiyo haina kumbukumbu yake, inakula RAM ileile inayoliwa na prosesa. Ndiyo maana kwangu RAM ni jambo kubwa kuliko kwa mwenye kadi. Nina vijiti viwili vya GB 8, nilivinunua Kariakoo vikiwa vimeshatumika. Lebo inasema DDR4-3200, 16-18-18-36, volti 1.35. Programu ya Thaiphoon Burner imesoma chipu zenyewe: Micron za gigabiti 8, toleo E.

Desemba nilinakili namba kutoka picha ya skrini ya mtu wa Ulaya mwenye chipu kama zangu. Mashine ikawaka, ikapita jaribio la nusu saa usiku, nikaendelea na kazi. Wiki moja baadaye mama wa bi harusi akanipigia simu. "Mwanangu, kuna kitu cha kijani usoni kwa binti yangu pale anapoingia ukumbini." Nikafungua faili, nikasogeza fremu moja moja. Mraba wa kijani, mdogo kama ukucha wa kidole gumba, umekaa juu ya shela kwa fremu tatu. Nikarudisha RAM kwenye namba za lebo, nikarenda upya (kutoa faili la mwisho la video) mradi uleule bila kugusa chochote, mraba haupo. Nilimwomba radhi, nikapeleka flashi mpya Tabata kwa mkono wangu. Alinipokea vizuri, akanipa na chai, lakini njia nzima ya kurudi nilikuwa nafikiria video nyingine nilizotoa wiki ile ambazo bado hakuna aliyezitazama kwa makini. Nilizirenda zote upya.

Kwa hiyo mradi huu una sharti moja. Hakuna namba inayobaki mpaka ipite majaribio saa nane mchana, chumba kikiwa kwenye joto lake, feni ya mezani imezimwa.

Vipimo vya kuanzia, XMP ya 3200 (namba za kiwanda zilizohifadhiwa ndani ya kijiti, unaziwasha mwenyewe) kama ilivyo: AIDA64, programu ya kupimia mwendo wa RAM, inasoma 46.8 GB kwa sekunde, ucheleweshaji nanosekunde 66.9. Kipande changu cha kupimia ni dakika 12 za send-off, kamera mbili za 4K, rangi zimeshawekwa. Kinarenda kwa dakika 14 na sekunde 22.

Nimetenga SSD ndogo ya zamani kwa ajili ya majaribio tu. Diski yenye kazi za wateja nimeichomoa waya kabisa. RAM ikikosea wakati mfumo unaandika faili, kosa halibaki kwenye RAM, linahamia diski na kukaa huko.

Jumapili, 12 Januari

Sikukuu ya Mapinduzi. Mpwa wangu kaja na mashine yake chini ya kwapa, Ryzen 3 3200G, analalamika mpira wa kwenye gemu unakwama.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Fungua ubavu tuone."

Vijiti viwili vimechomekwa kwenye nafasi mbili zinazofuatana, yaani njia moja tu ya data kati ya RAM na prosesa. Na XMP haijawashwa, RAM ya 3200 inaenda 2400. Aliyemuunganishia alimpa hivyohivyo, naye katumia mwaka mzima. Njia moja ya 2400 ina upana wa GB 19.2 kwa sekunde. Njia mbili za 3200 zina 51.2. Tumehamishia vijiti kwenye nafasi ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa, tukawasha XMP, dakika kumi kazi imekwisha. Mtoto hakuamini.

Naliandika hili hapa makusudi, maana chochote nitakachovuna mwezi huu kwenye taimingi ndogo hakitafika hata robo ya alichovuna yeye leo. Mtu aangalie kwanza nafasi za vijiti na XMP, ndipo afikirie mengine. Na mwenye kompyuta ya mtumba ya ofisini, zile nyembamba zilizojaa madukani, kwa kawaida BIOS yake, ile programu ya mipangilio inayofunguka kabla ya Windows, haina ukurasa wa taimingi kabisa, asijisumbue kutafuta.

Jumatatu, 13 Januari

Umeme umekatika tangu magharibi. Naandika kwenye daftari kwa mwanga wa simu, kesho nitahamishia.

Nafikiri wengi wanaogopa taimingi kwa sababu zinaonekana kama namba za bahati nasibu. Mimi zilinikaa kichwani siku nilipozifananisha na duka la jumla la vitenge Kariakoo. Muuzaji yuko kaunta, mali iko stoo ghorofani. Ukitaja kitenge, kwanza anashusha boksi zima mpaka kaunta: muda huo ndio tRCD. Boksi likiwa kaunta anachomoa kile ulichotaja: tCL. Ukitaka cha kwenye boksi jingine, hili la kwanza lifungwe lirudi juu: tRP. Na boksi likishashuka lina muda wake wa chini wa kukaa kaunta kabla ya kurudishwa: tRAS. Kwenye RAM sababu yake ni ya kimaumbile. Kusoma safu ya seli kunamwaga chaji iliyokuwemo, hivyo chipu inahitaji muda wa kuirudishia. Ukiukata mno muda huo, boksi linarudi stoo na mapengo.

Hizo ndizo namba za kwenye lebo. Taimingi ndogo ni zile ambazo lebo haizitaji. Nyingi mazabodi, ile bodi kuu inayobeba prosesa na RAM, inajijazia yenyewe, na inajaza kwa tahadhari kwa sababu haijui umechomeka nini.

Namba zenyewe ni mapigo ya saa, si muda. DDR4-3200 ina saa ya 1600 MHz, pigo moja ni nanosekunde 0.625, kwa hiyo CL16 (tCL ya mapigo 16) ni nanosekunde 10. Kwenye DDR4-3600 pigo ni nanosekunde 0.556, na CL18 nayo ni nanosekunde 10 zilezile. Anayelinganisha 16 na 18 bila kutazama masafa analinganisha bei ya kilo na bei ya debe.

Kisha kuna tRFC, iliyonivutia kuliko zote. Kila seli ya DRAM ni transista moja na kapasita ndogo. Wazo hilo Robert Dennard wa IBM alilipatia hataza mwaka 1968, na mpaka leo ndilo linalobeba video zangu. Kapasita hiyo inavuja kama ndoo yenye tundu. Kanuni ya JEDEC, shirika linaloweka viwango vya kumbukumbu, inataka kila safu ijazwe upya ndani ya milisekunde 64, kazi imegawanywa mara 8192, sawa na amri moja kila mikrosekunde 7.8. Amri ikitoka, duka linafungwa mpaka kujaza kuishe: muda huo wa kufungwa ndio tRFC. Kwa chipu za gigabiti 8 kanuni inaruhusu nanosekunde 350, ambazo ni mapigo 560 kwenye 3200. Gawanya 350 kwa 7800: asilimia 4.5 ya muda wote kumbukumbu haisikilizi mtu. Ikishuka hadi nanosekunde 300 inakuwa 3.8. Mazabodi nyingi za Intel zinakuruhusu pia kuzirefusha hizo mikrosekunde 7.8 zenyewe, taimingi inaitwa tREFI. Yangu haina mlango huo.

Umeme umerudi saa nne na dakika kumi. Nalala.

Jumatano, 15 Januari

Masafa kwanza. Nimepanda kutoka 3200 hadi 3600, na FCLK, saa ya njia ya ndani ya prosesa inayopitisha data za RAM, nimeiweka 1800 ili iende sambamba na saa ya RAM, moja kwa moja. Zikiachana mwendo, ucheleweshaji unapanda na faida yote ya masafa inaliwa. Volti 1.40. Taimingi kubwa nimeziacha legevu, 18-20-20-40, ili nijue kosa likitokea limetoka wapi.

Imewaka mara ya kwanza. MemTest86+, programu ya kutafuta makosa ya RAM, kutoka kwenye flashi, mizunguko minne usiku kucha, hakuna kosa.

Alhamisi, 16 Januari

tCL 16 imekubali. Nikajaribu 15, BIOS ikaipokea, lakini ZenTimings, programu inayoonyesha taimingi zinazotumika kweli, ndani ya Windows ikaonyesha 16. Ni modi ya gia-dauni: ikiwa imewashwa, tCL ya namba witiri inasogezwa juu hadi shufwa. Kwa hiyo 15 ni 16 tu iliyobadilishwa jina, na mtu anaweza kujisifu kwa namba ambayo mashine haiitumii. Nimeiacha 16.

tRCD ya kusoma: 19 inawaka, 18 inawaka lakini inatoa makosa ndani ya dakika mbili, 17 haiwaki kabisa. Nikapandisha volti mpaka 1.45 kuona kama itasaidia. Haikusaidia hata chembe. Chipu hizi za Micron toleo E ndivyo zilivyo, tCL inaitika volti, tRCD haiitiki. Nimerudi 1.40. Volti isiyoleta kitu inaleta joto tu.

Jumamosi, 18 Januari

Siku mbaya. Nilijaribu tCL 14 kwa sababu nilikuwa na haraka na tamaa. Mashine haikuwaka. Kawaida mazabodi hii ikishindwa mara tatu inarudi yenyewe kwenye namba salama, leo haikurudi. Feni zinazunguka, kioo cheusi.

Nimetoa waya wa umeme, nikachomoa betri ya CR2032, nikabonyeza kitufe cha kuwashia mara kadhaa kumaliza umeme uliobaki ndani, nikasubiri dakika tano. Bado cheusi. Nikachomoa vijiti, nikarudisha kimoja, cheusi. Hapo moyo ulianza kwenda mbio, maana Jumapili nina kamera mbili za kupokea.

Nikabeba vijiti na mazabodi kwenye mfuko, nikapanda daladala mpaka Kariakoo, mtaa wa Aggrey, kwa mzee anayetengeneza mashine tangu enzi za Pentium.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeunguza?"

"Sijui mzee. Nilishusha taimingi, sasa haiwaki hata kwa namba za kawaida."

Hakuuliza taimingi ni nini. Alikishika kijiti kwenye kingo, akakigeuza chini ya taa yake ya mezani, akanionyesha meno ya dhahabu. Yalikuwa na ukungu wa kahawia, mwembamba kama mvuke kwenye kioo. "Wewe unakaa na feni inavuta hewa ya nje. Chumvi hii, na unyevu." Akachukua kifutio cha shule, kile cheupe, akasugua kwa upande mmoja tu, polepole, kutoka ndani kwenda nje. Takataka za kifutio akazipuliza, akapitisha pamba yenye spiriti, akaviacha vikauke juu ya karatasi. Akavichomeka kwenye mazabodi yangu palepale, akaazima kebo ya dukani kwake. Ikawaka.

Nilikuwa nimevichomoa na kuvirudisha zaidi ya mara kumi wiki hii, kila mara nikisogeza ukungu ule hadi mahali pabaya zaidi. Kosa la leo halikuwa la tCL 14 peke yake. Nimenunua kifutio njiani.

Jumapili, 19 Januari

Taimingi ndogo zenyewe zimeanza leo baada ya kupokea kamera.

tRRD_S ni nafasi kati ya kufungua safu moja na nyingine kwenye makundi tofauti ya benki, yaani vyumba vya ndani ya chipu. tRRD_L ni hiyohiyo ndani ya kundi moja. tFAW inasema ndani ya dirisha hili usifungue safu zaidi ya nne, kwa sababu kila ufunguzi unavuta umeme kwa mkupuo. Mazabodi ilikuwa imejaza 6, 9 na 38. Nimeweka 4, 6 na 16. tFAW ya 16 ndiyo chini ya mwisho yenye kazi, maana safu nne kwa nafasi ya mapigo manne ni 16. Ukiandika 12 hakuna kinachobadilika.

tWTR ni kusubiri kutoka kuandika hadi kusoma: tWTR_S 4, tWTR_L 12. tWR, kusubiri baada ya kuandika kabla ya kufunga safu, nimeishusha hadi 16, na tRTP, kusubiri baada ya kusoma kabla ya kuifunga, hadi 8. Hizi mbili kwenye DDR4 zinakaa pamoja kwenye rejista moja, tWR ikiwa mara mbili ya tRTP, kwa hiyo nazishusha kama jozi. tRAS 36, tRP 18, tRC 54, ambayo ni jumla yake. Zile mbili za SCL, nafasi kati ya kusoma kumoja na kwingine, na kuandika kumoja na kwingine, ndani ya kundi moja la benki, kutoka 5 hadi 4.

Nilibadilisha kundi moja, nikapima, nikajaribu, ndipo nikagusa kundi linalofuata. Ni kazi ya kuchosha. Lakini tRRD na tFAW peke yake zilishusha ucheleweshaji kwa zaidi ya nanosekunde moja na nusu, na SCL zikaongeza kusoma kwa karibu GB 2 kwa sekunde. Hizi ndizo zenye mavuno. Nyingine nilizogusa leo sikuona tofauti ninayoweza kuapa.

Jumatano, 22 Januari

tRFC. Kwenye 3600 nanosekunde 350 ni mapigo 630, na ndipo mazabodi ilipoiweka. Nimeshuka kwa hatua: 594, 576, 558, 540, 522. Hiyo 522 ni nanosekunde 290. Nikajaribu 504, ikawaka na kuganda kwenye ukurasa wa kuingia.

522 imepita TM5, programu nyingine ya kutafuta makosa ya RAM, kwa saa moja na nusu, usiku wa manane, chumba nyuzi 28. Hii ndiyo namba ya yule bwana wa Ulaya, na ndiyo niliyokuwa nayo Desemba.

Jumamosi, 25 Januari

Saa nane mchana. Chumba nyuzi 34, feni imezimwa, jua limeshika dirisha. Nimefunga waya wa kupimia joto wa multimita kwenye ubavu wa kijiti cha ndani kwa gundi ya karatasi, ncha imegusa bati lake pale chipu ya katikati ilipo. Nimekaa na daftari, jasho linadondoka kwenye ukurasa.

Dakika ya 10, kijiti nyuzi 46. Dakika ya 25, nyuzi 51. Dakika ya 30, nyuzi 53, bado safi. Dakika ya 38 TM5 ikaonyesha kosa moja. Dakika ya 41, matatu. Nikazima.

Usiku wa Jumatano kijiti kilikuwa hakijavuka 43. Namba zilezile, volti ileile, programu ileile. Kilichobadilika ni nyuzi kumi.

Nimefurahi kuliko nilivyofurahi siku yoyote ya mradi huu, kwa sababu sasa najua ule mraba wa kijani ulitoka wapi. Joto likipanda, kapasita inavuja haraka zaidi. Kanuni yenyewe ya JEDEC inalijua hilo: chipu ikivuka nyuzi 85, kujaza upya kunatakiwa kufanyika mara mbili zaidi, kila mikrosekunde 3.9. Sisi hatufiki 85, lakini mimi nimeshaila akiba yote iliyoachwa kati ya namba ya kiwanda na ukomo wa chipu. tRFC ikiwa fupi mno, kujaza kunakatizwa kabla hakujakamilika, na seli dhaifu ikiwa imevuja zaidi kwa joto haifiki salama zamu inayofuata. Biti moja inageuka. Ikiwa kwenye fremu ya video, ni mraba juu ya shela. Ikiwa kwenye orodha ya faili za diski, sitaki hata kuandika.

Yule bwana hakudanganya. Chumba chake Januari kina nyuzi 20, changu 34, na hizo 14 za tofauti zinahamia moja kwa moja kwenye chipu. Namba yake ni kweli kwake. Huku ni kweli mpaka saa tano asubuhi.

Jumapili, 26 Januari

Saa nane tena. tRFC 540, nanosekunde 300. Kijiti kilifika 54. TM5 saa mbili kamili, hakuna kosa. Kisha MemTest86+ mpaka jua likazama, hakuna kosa. Umeme ulikatika mzunguko wa tatu, nikaanza upya.

Jumamosi, 1 Februari

Nimefunga feni ya milimita 80 juu ya vijiti kwa vibano vya plastiki, nimeitoa kwenye kesi iliyokufa. Inazunguka polepole, haisikiki. Mchana kijiti hakivuki 47.

Bila shaka nikarudi 522 kuona. Imepita mchana wa leo.

Jumatano, 5 Februari

522 imepita mchana mara tatu ikiwa na feni. Nimekaa nikafikiria, nimeirudisha 540. Tofauti ya ucheleweshaji kati ya hizo mbili ni nanosekunde 0.3, na kwenye kurenda siioni. Feni ile ina vumbi la Sinza mbele yake na beringi ambayo umri wake siujui. Siku itakaposimama hakuna kengele itakayolia, mashine itaendelea kurenda kana kwamba hakuna kitu, na atakayegundua ni mama wa mtu. Nataka taimingi zisimame bila feni, feni iwe akiba juu ya akiba.

Jumapili, 9 Februari

Jaribio nililolitamani tangu Desemba. TM5 na MemTest86+ zinajaribu RAM, lakini mimi nataka kujaribu video. Nimechukua dakika nne za send-off, nikazipitisha kwenye FFmpeg, programu ya kubana video, kwa kikodeki cha x264. Kikodeki hiki kikiendeshwa na prosesa, toleo lilelile na mipangilio ileile, kinatoa matokeo yaleyale biti kwa biti kila mara. Nikaandika faili fupi la amri lirudie mara 20, kila faili likitoka certutil, amri ya Windows, inalipiga SHA-256, alama kama ya kidole inayotokana na biti zote za faili. Biti moja ikigeuka popote njiani, alama inabadilika yote.

Kwanza nilizima feni, nikaweka 522, nikaanza saa saba na nusu mchana. Alama 17 zinafanana. Ya 9, ya 14 na ya 15 ziko tofauti. Nikalifungua faili la 14, nikalitazama mwanzo mpaka mwisho mara mbili, kwa macho sikuona kitu. Hilo ndilo lililonishtua. Ule mraba wa Desemba ulikuwa makosa yaliyoonekana; haya yalikuwa yanapita kimya.

Kisha 540, feni bado imezimwa, mchana uleule, kijiti 53. Mara 20, alama 20, zote moja. Nikaacha iendelee mpaka 60. Zote moja.

Jumamosi, 15 Februari

Namba zilizobaki: DDR4-3600, FCLK 1800, volti 1.40. 16-19-18-36, tRC 54, tRRD 4 na 6, tFAW 16, tWTR 4 na 12, tWR 16, tRTP 8, SCL 4 zote mbili, tRFC 540, gia-dauni imewashwa.

AIDA64 inasoma 53.9 GB kwa sekunde, ucheleweshaji nanosekunde 57.7. Kipande cha send-off kinarenda kwa dakika 13 na sekunde 6, kilianza 14 na 22. Ni sekunde 76. Nusu yake imetoka kwenye masafa na taimingi kubwa, sekunde 24 au 25 kwenye tRRD, tFAW na SCL, zilizobaki ni za tRFC. Harusi ya saa moja na nusu inapungua karibu dakika tisa na nusu. Kwangu mimi ninayetoa harusi mbili kwa wiki wakati wa msimu, na umeme ukiwa unakuja na kwenda, dakika tisa ni tofauti kati ya faili lililokamilika na lililokatikia asilimia 94.

Diski ya wateja nimeichomeka tena leo asubuhi. Namba nimeziandika kwa kalamu ya wino kwenye karatasi na kuibandika ndani ya ubavu wa kesi, pamoja na tarehe na nyuzi za chumba siku ya jaribio. Faili la amri lenye mizunguko 20 limebaki kwenye meza ya kompyuta. Nitaliendesha tena mchana wa kwanza wa Machi, kabla mvua za masika hazijapoza bati. Waya wa multimita bado umebandikwa kwenye kijiti. Leo saa nane umesoma 46.

Kamera za Mbagala zinaingia jioni.